Karasha la Buseresere, lori la Kibaha

Simama saa moja kando ya barabara ya Buseresere, pale mji unaposhikana na Katoro, utazame yanayopita: Probox na Noah zinazogombea abiria, Fuso za mizigo, Land Cruiser mkonga zinazokwenda migodini. Hutaona gari hata moja lililobuniwa Tanzania. Ukiuliza kwa nini, jibu huja upesi: vya kwetu havidumu. Jibu hilo tunalikataa. Lori ambalo halikuuzwa kwa mtu, wala kubebeshwa mawe mwaka mzima, limehukumiwa kwa kosa gani?

Shirika la Nyumbu lilianzishwa Kibaha mwaka 1985, chini ya jeshi, lilete teknolojia ya magari yanayofaa barabara zetu. Malori ya majaribio yalitoka na yakatembea, lakini hayakufika kwenye uzalishaji wa wingi. Mwaka mmoja kabla, 1984, serikali ilikuwa imewaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe, na mitumba ya Japani ikawa inakuja. Kenya nayo ilianza mpango wa gari la Nyayo mwaka 1986, ikaonyesha magari matano mwaka 1990, mambo yakaishia hapo. Kote kuwili wahandisi walitimiza sehemu yao. Aliyekosekana ni mnunuzi wa gari la mia moja, kwa maana kasoro za gari la kwanza hurekebishwa kwenye la mia moja.

Hao Toyota tunaowaamini leo walikuwa ukingoni mwa kufilisika mwaka 1950, wakaokolewa na oda ya malori ya jeshi la Marekani wakati wa vita vya Korea. Hata baada ya hapo sifa haikuja. Mwaka 1958 walianza kuuza Crown Marekani. Ikashindwa kwenye barabara kuu za huko, injini ikichemka, na mwishoni mwa 1960 wakasitisha kuiuza. Walirudi kwenye michoro yao, na waliweza kusubiri kwa sababu nyumbani walikuwa na wateja.

Ushahidi wa karibu zaidi uko kwenye karasha. Pipa lile la bamba nene linalosaga mawe ya dhahabu huchomelewa na mafundi wa hukuhuku, likajazwa gololi za chuma, likazungushwa usiku na mchana. Bamba likilika au kiungio kikiachia, mwenye karasha humfuata fundi siku hiyohiyo, kazi imesimama na mawe yamelala. Pipa linalofuata fundi huongeza unene palepale palipotoboka. Hakuna anayeuliza limetoka nchi gani. Ubora wake umetokana na lawama za wateja wanaorudi na oda nyingine mkononi, na hicho ndicho Nyumbu ilichokosa.

Watakaotupinga wana hoja nzito. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha, kilikuwa na serikali mgongoni, na bado kiliacha kuzalisha. Kiwanda kinachobebwa huzoea kubebwa. Tena dereva wa Probox mwenye marejesho ya mkopo kila wiki hawezi kugeuzwa uwanja wa majaribio, na kumwongezea ushuru ili anunue kisichojulikana ni kumwonea. Tunakubali yote mawili. Ndiyo maana hatudai mitumba ipigwe marufuku. Tunadai mnunuzi wa kwanza awe yule anayeweza kuvumilia hasara ya mwanzo: serikali, halmashauri, migodi mikubwa. Dar es Salaam wanaunda tela, Arusha wanazigeuza Land Cruiser kuwa magari ya watalii, na wateja wanalipa kwa hiari. Basi tuanzie kwenye bodi, tela na magari ya taka, kabla ya kuota injini. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zimekwisha kuwataka wenye migodi kutanguliza bidhaa za ndani. Kinachohitajika ni oda ya miaka kadhaa, si ya gari moja la maonyesho, yenye sharti kwamba gari likiharibika mgodini Geita, aliyeliunda atume fundi na kipuri kwa gharama yake, na oda ya mwaka wa pili itegemee alivyoitikia wito huo.