Mashahidi wa Mkataba wa Belfast

Wapo ndugu zetu wanaohoji: Bunge la Marekani lina haki gani ya kuuzungumzia mpaka wa Ireland? Swali ni la haki, kwani mkono wa nje mara nyingi tumeuona ukibomoa.

Lakini tulitazame jambo lenyewe. Mkataba wa Ijumaa Kuu ulifikiwa Belfast tarehe 10 Aprili 1998, baada ya takriban miaka 30 ya mauaji yaliyochukua roho zaidi ya 3,500. Aliyeongoza mazungumzo ni George Mitchell, seneta mstaafu wa Marekani. Basi Wamarekani si wapita njia katika suala hili, walikuwamo kikaoni.

Uingereza ilipoamua mwaka 2016 kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ilihofiwa kuwa vizuizi vingerudi kwenye mpaka ule ambao enzi za machafuko ulijaa askari. Desemba 2019 Baraza la Wawakilishi la Marekani likapitisha azimio: mkataba wowote mpya wa biashara na Uingereza uwe na sharti la kuheshimu ahadi za 1998. Azimio si sheria. Hata hivyo, London ilikuwa ikiutaka sana mkataba huo wa biashara, na hapo ndipo neno la wabunge lilipopata uzito ambao nasaha pekee zisingeliupata.