Tulishe Udongo Kabla ya Kununua Sumu

Juma hili twaanzia mbali na bahari: Isecheno, katika Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Chini ya miti ya msitu ule majani huanguka na kuoza mwaka mzima, na udongo wake umejaa uhai. Nje ya msitu yapo mashamba madogo ya mahindi na maharage, yalimwayo msimu baada ya msimu. Watafiti waliolinganisha mashamba yaliyofyekwa humo nyakati mbalimbali waliona kwamba kadiri shamba lilivyolimwa miaka mingi, ndivyo mboji na mavuno vilivyopungua.

Udongo wa kila mahali una minyoo wadogo mno wasioonekana kwa macho. Wengi wao si maadui; hula bakteria na kuvu, kisha huacha naitrojeni inayoulisha mmea. Waharibifu ni wale wafyonzao mizizi, hasa minyoo fundo. Penye mboji nyingi, kuvu na viumbe wengine huwawinda. Mboji ikiisha, na zao likawa lile lile daima, walinzi hupungua na mharibifu hustawi.

Kwetu pwani hatari ni kubwa zaidi. Minyoo hupita kwa wepesi katika mchanga wetu, na joto huwakuza upesi: jike mmoja hutaga mayai mamia, na kizazi kipya hukomaa kwa muda wa wiki 4 hivi. Mmea uliojeruhiwa mizizi nao huona kiu mapema, kwa kuwa mchanga hauhifadhi maji.

Basi mama akiona mibamia au mibiringani yake ya uani yanyauka adhuhuri ilhali imenyweshwa asubuhi, na ang'oe mche mmoja taratibu, autazame mizizi. Minyoo fundo huivimbisha mizizi yenyewe, uvimbe usiobanduka. Lakini vijinundu vya kunde na maharage, vinavyobanduka kwa kidole na vyenye wekundu ndani, ni vya heri. Hivyo huurutubisha udongo.

Ukikuta uvimbe, ng'oa mizizi yote uichome. Usiitie katika mboji. Msimu wa jua kali, lowesha tuta, ulifunike kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6, joto liwaue minyoo. Kisha changanya samadi iliyoiva na mboji, utandaze majani makavu juu. Usirudishe nyanya, bamia wala biringani hapo mara moja. Panda marigoldi kwanza, kwani mizizi yake huwadhoofisha minyoo wengi. Na miche mipya itoke katika udongo safi.

Dawa kali za kuua minyoo ni sumu kwa wanadamu pia, na uani petu ndipo wachezapo watoto na ndipo kilipo kisima. Samadi na majani makavu hupatikana karibu. Tuanze na hayo.