Faida ya Chombo cha Friberg Huishia kwa Dalali

Katika minada ya Sweden, vyombo vya maua vilivyofinyangwa na Berndt Friberg kwenye kiwanda cha Gustavsberg, karibu na jiji la Stockholm, hutafutwa sana na wakusanyaji. Wapo wauzaji wanaovinadi kama akiba salama: mfinyanzi amekwisha kufariki, mzigo mpya hauji, kwa hiyo bei lazima ipande. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la biashara hii halijasomwa hadi mwisho.

Kwa upande wa ugavi, hoja hiyo ina ukweli. Friberg, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufariki mwaka 1981, alifinyanga vyombo vyake kwa mikono yake mwenyewe, kazi ambayo wasanii wengi wa viwandani waliwaachia mafundi. Uso wake laini wenye michirizi myembamba, mithili ya manyoya ya sungura, ulifuata mfano wa wafinyanzi wa kale wa China. Saini yake na alama ya mkono ya karakana, zilizo chini ya chombo, humsaidia mnunuzi kukitofautisha na bidhaa za kawaida za Gustavsberg zilizotolewa kwa wingi.

Hata hivyo, uhaba peke yake si faida. Chukua mfano wa chombo kilichogongewa nyundo kwa krona 10,000. Ikiwa ada ya mnunuzi ni asilimia 25, atatoa krona 12,500. Akikirudisha mnadani kikauzwa kwa bei ile ile, na dalali akakata asilimia 15 kwa muuzaji, atapokea krona 8,500. Amepoteza krona 4,000, yaani asilimia 32 ya fedha zake, ingawa bei ya soko haikushuka hata kidogo. Ili arudishe mtaji tu, nyundo itabidi igongwe kwa zaidi ya krona 14,700. Hapo bado gharama za bima, na riba ambayo fedha hizo zingezaa benki.

Hatari nyingine ipo kwenye mdomo wa chombo. Ukimeguka kidogo tu, wakusanyaji hurudi nyuma, na hata fundi hodari akiziba pengo, bei ya awali hairudi. Hisa ya kampuni haivunjiki ikiangushwa na mtoto.

Ni kweli kwamba ada hizo huandikwa katika masharti ya mnada. Lakini ingekuwa haki zaidi kama kando ya makisio ya bei kungeandikwa pia jumla atakayolipa mnunuzi na kiasi atakachobaki nacho muuzaji. Anayekipenda chombo cha Friberg na akinunue, akiweke mezani akitazame. Anayetafuta mahali pa kuweka fedha za uzeeni aulize kwanza swali moja: kikiuzwa wiki ijayo, atarudishiwa kiasi gani mkononi?