Ukoo wa Mzee Atiman

Ndugu msomaji, tuseme Jumapili hii mwanao akuulize: "Baba, babu wa babu yetu alikuwa nani?" Wengi wetu wakazi wa mijini tutataja jina moja au mawili, kisha tutajifunika gazeti. Walakini sisi angalau tuna kijiji cha kwenda kuuliza. Leo nakuletea habari za mzee ambaye hakuwa nacho.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Mapadre Weupe walimnunua ili wampe uhuru. Uhuru huo, msomaji, tuupime vizuri. Mtoto hakurudi kwa mama yake. Alilelewa na wageni, akasomeshwa na wageni, na hata nchi ya kwenda kufanya kazi alipangiwa. Mimi siwezi kuwalaumu waliomtoa katika minyororo. Lakini pia siwezi kumsahau mama yule wa mto Niger.

Mwaka 1881 Kardinali Lavigerie alianzisha chuo katika kisiwa cha Malta, ili vijana wa Kiafrika waliokombolewa wajifunze utabibu. Atiman alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja huku kwetu, na mwaka 1889 akafika Karema, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, akiwa tabibu na katekista. Misheni ilikuwa ndani ya ngome ambayo Wabelgiji walianza kuijenga mwaka 1879 na kuiacha mikononi mwa Mapadre mwaka 1885. Kuta hizo hazikuwa za mapambo, kwa maana biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma katika nchi zile. Basi aliyeuzwa utotoni akawa mtu wa kuwatibu wanadamu ambao nao waliishi kwa hofu ya kuuzwa.

Hapo ndipo alipoanza ukoo upya. Alimwoa Agnes Wansahira, wa kabila la Wabende, wenyeji wa pande hizo. Ndugu msomaji anayejua mambo ya posa ataelewa uzito wake: bwana harusi hana baba wa kumsemea, hana shangazi, hana mjomba. Mtoto wao Joseph alikua akawa padre. Kwa muumini kama Mzee Atiman hiyo ilikuwa furaha isiyo kifani. Lakini kwa hesabu ya wazee wetu, padre haachi wajukuu. Sijui ni baba wangapi kati yetu, wenye koo nzima nyuma yao, ambao wangeridhia jambo hilo kwa moyo mweupe.

Mwaka 1946 maelezo ya maisha yake, kwa kauli yake mwenyewe, yalichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Huko Sumbawanga hospitali imepewa jina lake, na wagonjwa hulitamka kila siku kama wanavyotamka jina la jirani.

Mzee Atiman alifariki dunia mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi. Miaka 67 kati ya hiyo ilipita Karema.