Kuzibuliwa Mshipa wa Moyo na Kurudi Nyumbani Siku Ile Ile: Nyumbani Wapi?

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, mgonjwa aliyepangiwa kuzibuliwa mshipa wa moyo aweza kuingia hospitalini asubuhi na usiku ule ule akalala kitandani kwake. Jambo hili halikuanza jana. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Amsterdam, akiwamo Ferdinand Kiemeneij, walikwisha kuwaruhusu baadhi ya wagonjwa wao waondoke siku ile ile. Na uchunguzi uliofanyika Quebec, Kanada, ukachapishwa mwaka 2006, uliwafuata wagonjwa wapatao 1,000 bila kuona kwamba waliokwenda nyumbani walidhurika kuliko waliolazwa. Kinachostahili kujadiliwa hapa ni kama utaratibu huo unamfaa pia mtu wa Nyakunguru, wilayani Tarime, kaskazini ya mto Mara.

Kwanza yafaa kueleza kinachofanyika. Misuli ya moyo hulishwa na ateri zake yenyewe, ziitwazo koronari. Mafuta na makovu yakijijenga katika ukuta wa ateri, njia ya damu hupungua. Mwanafunzi aliyesoma fizikia ya vimiminika ataelewa ubaya wake: katika bomba jembamba, mtiririko hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo, hivyo nusukipenyo kikipungua kwa nusu, kinachopita hubaki sehemu moja tu ya kumi na sita, shinikizo likiwa lile lile. Ateri iliyo hai si bomba la chuma, nayo hujitanua kadiri iwezavyo. Lakini hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwa nini mtu aliyekuwa akipanda mlima bila taabu huanza kubanwa kifua akifika nusu ya njia.

Mwaka 1977, mjini Zurich, daktari Andreas Grüntzig alipitisha mrija mwembamba, yaani katheta, hadi katika ateri ya moyo ya mgonjwa aliyekuwa macho, akajaza kiputo kilichokuwa nchani, na njia ikapanuka. Mwaka 1986 wengine wakaongeza kijibomba cha wavu wa chuma, stenti, kinachoachwa ndani ili ukuta usirudi ulipokuwa. Siku hizo katheta iliingizwa kinenani. Ateri ya huko ni kubwa na imezama ndani, na ikivuja damu yaweza kujikusanya bila kuonekana. Ndiyo sababu mgonjwa alilazwa chali kwa saa nyingi. Baadaye ilionekana kwamba yafaa kupitia kifundo cha mkono, pale muuguzi anapohesabu mapigo. Ateri hiyo ni ndogo, i karibu na ngozi, na nyuma yake kuna mfupa: ukanda wa kubana watosha kuizuia damu. Mgonjwa huketi, hunywa chai, hutembea.

Basi usiku wa kulazwa ulikuwa ukilinda nini? Hatari mbili zinazoogopwa, kuvuja damu palipotobolewa na ateri kuziba ghafula, hujitokeza zaidi katika saa sita hivi za mwanzo. Nyingine huja baada ya siku ya kwanza kupita, wakati ambapo hata aliyelazwa usiku mmoja amekwisha kuondoka. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, ambaye hakuja na shambulio la moyo, ambaye kazi yake imekwenda sawa na figo zake ni nzima, saa za usiku ni za kungojea tu. Kitanda hicho kingeweza kumpokea mwingine, na asiye na bima asingelilipia usiku asiouhitaji.

Hoja hiyo ni sahihi. Lakini imejengwa juu ya neno ambalo waliolitumia hawakuona haja ya kulieleza, nalo ni nyumbani. Kwao nyumbani ni mahali penye mtu mzima wa kukaa na mgonjwa, simu inayopokewa, na gari la kumrudisha hospitalini kwa muda mfupi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, iko Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi Tarime ni zaidi ya kilomita 1,200 za barabara. Aliyeruhusiwa saa kumi jioni hafiki Nyakunguru siku ile. Atalala kwa mpwa wake Mbagala, au katika nyumba ya wageni karibu na stendi, na huenda kesho yake akapanda basi la kutwa nzima. Hapo hajarudi nyumbani. Ametolewa wodini tu.

Haifuati kwamba utaratibu huu ukataliwe, wala kwamba mtu wa Mara alazwe siku tatu kwa sababu ametoka mbali. Kinachotakiwa ni nyumba ya kulala wagonjwa na ndugu zao karibu na hospitali, yenye muuguzi na simu, isiyohitaji vifaa vya wodi wala gharama yake. Hospitali ikiwa na nyumba kama hiyo, kuruhusiwa siku ile ile kutakuwa na maana kwa aliyetoka Tarime kama kulivyo kwa aliyetoka Kariakoo.

Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko ya usiku wa kwanza. Stenti ni chuma kigeni ndani ya damu, na mpaka ukuta wa ateri uifunike, damu yaweza kugandia hapo na kuziba njia yote. Kwa hiyo mgonjwa hupewa aspirini pamoja na dawa ya pili, mara nyingi klopidogreli. Hiyo ya pili, kwa kazi iliyopangwa, kwa kawaida humezwa miezi sita, au kadiri daktari atakavyoona. Anayeziacha mwezi wa pili kwa kuwa kifua hakimbani tena, au kwa kuwa dawa zimekwisha na duka liko mbali, anajitia katika hatari ya kufa. Na aliyekaa hospitalini siku moja ndiye aliye rahisi kudanganyika, maana vijijini uzito wa ugonjwa hupimwa kwa siku za kulazwa; majirani watasema hakufanyiwa kitu. Hana hata kovu la kuwaonyesha. Hata ndoo ya lita 20, yenye uzito wa kilo 20, atatarajiwa kuibeba kwa mkono ule ule uliotobolewa, ingawa ameagizwa kuupumzisha kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo karatasi anayoondoka nayo ina kazi kubwa kuliko kitanda alichokiacha. Iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, itaje dawa na tarehe ya mwisho wake, iseme wazi kwamba asiyeagizwa na daktari wa moyo asiziache, hata akienda kung'olewa jino. Nakala ipelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Musoma, na zahanati iliyo karibu naye. Na dawa za miezi sita, ikiwezekana, apewe zote kabla hajapanda basi. Maana huko aendako, atakayemsomea karatasi hiyo jioni huenda akawa mjukuu wake wa kidato cha pili.