Kamera Nne kwa Uso Mmoja

BARAZANI, na Mwana wa Mkunazini

Jumanne iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilipokuwa nimeketi barazani, pale pale wasomaji wangu wanaponijua, alinijia mpwa wangu, binti wa dada yangu, na begi lililomwelemea bega, akaniamkia, akalitua, na kabla hajaonja hata funda moja la kahawa akaanza kunipangia mkekani kamera nne za filamu na mikanda sita, kila mmoja na namna yake, akasema: "Mjomba, Jumamosi tunaruka na mama kwenda Maskati kwa siku kumi, nami kuchagua kumenishinda. Nichagulie wewe." Nyuma yake alikuwako kijana mmoja miongoni mwa wale waliokuwa wakimshauri kwa muda wa wiki tatu, na ghadhabu iliyonipanda alasiri ile, ambayo mpaka ninapoandika haya haijanishuka, si juu ya binti bali ni juu ya nasaha alizopewa.

Maana niliwauliza jambo moja tu: waenda kupiga picha ya nini? Kijana akatangulia kujibu, akanisifia ukali wa lenzi, na jina la kiwanda, na bei ambayo chombo kama hicho hufika huko Ulaya. Nikamwacha hata akamaliza, kisha nikamrudia binti, naye akainamisha kichwa, akasema kwamba safari yote ni kwa ajili ya bibi wa Nizwa. Bibi huyo ni mama yetu mdogo, ndugu wa marehemu mama, aliyeondoka Unguja mwaka 1964 mimi nikiwa mtoto wa chuoni, akazunguka miji ya Ghuba, kisha baada ya 1970 akaingia Oman kama walivyoingia wengi wa kwetu, na hata leo Kiswahili chake ni kile kile cha Mkunazini. Picha yake tuliyo nayo, iliyo picha hasa, ni ile aliyopigwa kabla hajaondoka, katika siku ambazo watu wa mji huu walikuwa wakivaa nguo za Idi kwenda Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Imesimama juu ya kabati la dada yangu, na kingo zake zimeliwa. Za simu zimekuja, nazo zimepotea pamoja na simu zenyewe.

Basi kwa uso huu mmoja, wa ajuza aliyekwisha kuvuka miaka themanini na mitano, wiki tatu nzima zilipita watu wakijadiliana juu ya vyuma na vioo, wala hapana hata mmoja aliyeuliza mama huyu huketi wapi, saa ngapi, na nuru ipi humfikia. Sababu yake ni moja, nami naitamka bila ya kupepesa: vijana wetu wamejifunza kuzipenda kamera kwa kutazama picha za kamera, hawakujifunza kwa kutazama picha zilizotoka ndani yake. Aliyejifunza hivyo hujua mwaka chombo kilipoundwa, akashindwa kujua dirisha ni la nini.

Nitazame nami zile nne. Ya kwanza ilikuwa Yashica Mat-124G, chombo cha heshima, kitazamwacho kwa juu, chenye kutoa picha kumi na mbili za mraba kwa mkanda mmoja, na ambacho mtu asiyekizoea huona ulimwengu umepinduka kushoto na kulia, akimfuata mtu upande huu kumbe amekimbilia kule. Ya pili, ya plastiki na flashi yake, hutumika mara moja ikatupwa. Hii niliirudisha begini bila ya maneno. Ya tatu ilikuwa Olympus Trip 35, ambayo nina mapenzi nayo ya tangu ujana, kwa kuwa iliundwa mwaka 1967 hata 1984 kwa ajili ya wasafiri hasa, wala haihitaji betri, kwani zile chembe za kioo zilizoizunguka lenzi yake hupima mwanga kwa nguvu ya mwanga wenyewe. Kwa kutembea Mutrah nje juani, au kusimama chini ya ngome ya Nizwa, sijui mwenzi mwepesi kuliko huyu. Lakini iingize katika chumba ambacho mapazia yamefungwa, nayo hukuinulia kijibendera chekundu katika tundu la kutazamia, ikakataa kabisa kupiga, ilhali mama yetu yumo humo chumbani.

Kwa hiyo nilishika ya nne, Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu mwaka 1976 hadi 1997, ambayo betri yake ndogo ni ya kupimia mwanga tu, na ikifa, shata inaendelea kufanya kazi. Nikazitenga lenzi mbili kubwa alizobebeshwa, nikaiacha ile ya milimita hamsini yenye kufunguka hadi mbili. Kijana akaniambia, "Mzee, na akitaka kuvuta kitu cha mbali?" Nikamwambia asogee, maana aendako ni kwa jamaa zake. Filamu nikasema iwe ya kasi ya 400, mikanda mitano ya namna moja, kwa sababu hiyo juani huko Maskati utaipiga kwa tundu la kumi na sita na shata ya sehemu ya mia tano ya sekunde, na chumbani karibu na dirisha utafungua tundu hadi mwisho na shata uishushe hadi sehemu ya thelathini, na mkono uliotulia utakufikisha. Nilitaka iwe nyeusi na nyeupe, kwa kuwa fedha iliyomo katika filamu hiyo hudumu, ilhali albamu za harusi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu katika nyumba zetu zote. Binti akanitazama, akaniuliza, "Mjomba, na kanga yake je?" Sikuwa na jibu la kumpa. Ikawa ya rangi.

Hapo kijana akapata neno, akaisifu filamu fulani kwamba rangi zake ni nzuri mno. Nzuri kwa nani? Kwa muda mrefu Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wao wa awali aliyepigwa picha hiyo, na rangi zilisawazishwa kwa wajihi wake. Na sisi tuliosimama kando ya kuta nyeupe tukatoka meno na macho. Filamu za leo zimetengenezwa vizuri zaidi, ila kipimo cha kamera bado hudanganywa na ukuta. Nikamwonyesha binti namna ya kusogea mpaka uso wenyewe uenee katika kioo, apime hapo, ndipo arudi nyuma apige.

Kisha nikamwuliza umekwisha kupiga mkanda mmoja kwa kamera hii? Hajapiga. Hapo ndipo nilipoinuka. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanakijua kisa cha hija ya mwaka 1983, nami sitakirefusha: mimi na marehemu baba, kamera ya kuazima, picha thelathini na sita za Jidda ambazo mkanda wake haukukamata meno ya gurudumu hata mara moja, kwa kuwa sikufundishwa kuangalia kama kile kitufe cha kurudishia kinazunguka kila ninapovuta. Baba alifariki mwaka ule ule. Sitakubali mtu wa nyumba yangu asafiri na chombo ambacho hajakijaribu.

Tukatia mkanda mweusi na mweupe, akapiga barazani, uchochoroni, na jikoni kwa dada, na Jumatano usiku nikausafisha mwenyewe kwa dawa zangu. Mistari ya mwanga ilikata picha kumi na moja. Tulipoufungua mlango wa nyuma wa kamera tukaona sifongo lake, ambalo kwa umri hugeuka kama lami, limeoza lote. Tukalikwangua kwa kijiti na spiriti, tukalaza uzi mweusi wa sufi katika mfereji wake, akapiga mkanda wa pili, nao ukatoka safi. Lau tungalizifuata zile nasaha za wiki tatu, mistari hiyo ingalikata uso wa mama yetu.

La uwanja wa ndege nilimwambia kwa ufupi: mikanda isiingie kabisa katika sanduku linalotiwa chini ya ndege, kwa kuwa mionzi ya huko huiunguza; aichukue mkononi katika mfuko wa kuonekana ndani, na aombe kwa adabu ikaguliwe kwa mkono, hasa penye zile mashine mpya za CT.

Alhamisi jioni alipiga simu Nizwa mbele yangu. Aliuliza hali, akauliza dawa, kisha akauliza lile ambalo hakuna aliyemwelekeza kuuliza: "Bibi, dirisha la chumbani kwako liko upande gani?" Mama yetu alinyamaza kidogo, akacheka, akasema ni la mashariki, na kwamba asubuhi, akishakunywa chai, jua humfuata mpaka mkekani.