Maji ya Kisima si Dawa ya Rejeta Inayovuja

Leo sizungumzii mbegu wala kantangaze. Nazungumzia gari, na najua wapo watakaouliza bwana shamba kaingiaje gereji. Nimeingizwa na tungule.

Wiki chache nyuma kijana mmoja wa Kinyasini alinipigia simu asubuhi mapema. Alikuwa na makreti ya tungule na pilipili boga za hoteli mbili za Mji Mkongwe. Gari yake ni Suzuki Carry ya zamani, kirikuu wanavyoiita wenzetu wa bara, ile ambayo injini iko chini ya kiti. Mahonda kapita vizuri, Mfenesini vizuri, Mtoni vizuri. Kufika foleni ya Darajani, gari ikatetemeka, ikazima, na mvuke ukaanza kutoka chini ya kiti.

Nilipomfikia nikamuuliza, "Geji ya joto ilisomaje?"

"Bwana shamba, geji ilikuwa chini kabisa. Ndo mana sikusimama."

Hapo nikajua. Kihisi joto kinapima maji. Maji yakishakwisha, kinabaki hewani, na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Nikamuuliza tena, gari ilikuwa inavuja tokea lini? "Tokea Ramadhani. Kila asubuhi natia maji ya kisima kama lita mbili, nakwenda zangu."

Mzigo ulimaliziwa kwa mkokoteni wa hamali. Hoteli ya kwanza ilipokea. Ya pili ilikuwa imeshatuma mtu sokoni, na tokea siku hiyo inanunua kwa mtu mwengine. Silinda hedi ilikuwa imepinda, ikabidi ichongwe iwe bapa tena, gasketi mpya, na gari ikalala gereji siku kumi na mbili huku yeye anakodi gari ya watu kila safari. Na kilichokuwa kinavuja? Mpira mdogo wa hita, nyuma ya injini, pale usipoona mpaka uinue kiti. Bei yake haifiki kreti moja ya tungule.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kijana huyu si mvivu wala si mjinga. Ana robo eka ya umwagiliaji wa matone aliyoifunga mwenyewe. Mpira wa matone ukitoboka, anaujua kabla ya jua kupanda. Kwa nini basi gari imemshinda miezi yote hiyo?

Jawabu langu ni kwamba tumezoeshwa kuamini gari ni elimu ya fundi peke yake. Mie nasema si kweli, angalau kwa upande wa maji. Mfumo wa maji wa injini ni ndugu wa mfumo wako wa matone: una pampu, una mipira, una viungio, una presha. Hata kiasi cha presha kinakaribiana. Mipira ya matone mingi inafanya kazi kwenye baa moja hivi, na ukitazama mfuniko wa rejeta utakuta umeandikwa 0.9 au 1.1, ambayo ni baa hizo hizo. Presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Kwa mfuniko mzima wa 0.9, maji yanahimili mpaka karibu na nyuzi 118. Mfuniko ukilegea, maji yanachemka mapema na kumwagika, na wewe unadhani rejeta imetoboka. Watu wamenunua rejeta nzima kwa ugonjwa wa mfuniko.

Hakuna anayetafuta mpira wa matone uliotoboka wakati pampu imezimwa. Gari nayo ni hivyo hivyo. Unaegesha, inapoa, presha inakwisha, unainama na tochi, huoni kitu, unasema alhamdulillahi imejiziba. Haijajiziba. Inavuja ukiwa barabarani, na matone yanakaukia juu ya injini ya moto. Kinachobaki ni alama tu: ukoko mweupe, wa kijani au wa rangi ya kutu kwenye kiungio. Osha injini kwanza, endesha siku mbili, halafu tafuta ukoko mpya. Usiku tandaza boksi la karatasi chini ya gari, asubuhi utaona tone limeanguka usawa wa wapi.

Lakini njia ya uhakika ni pampu ya kupimia presha. Ni kipampu cha mkono chenye geji, unakifunga mahali pa mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa, unapampu mpaka kiasi kilichoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe, halafu unasubiri robo saa. Mshale ukishuka, kuna mahali maji yanatoka, na sasa yanatoka mbele ya macho yako bila ya moto wala feni kuzunguka. Pitia mipira na klipu zake. Tazama maungio ya tangi la plastiki na rejeta. Tazama wota pampu, ina kitundu kidogo chini ya mhimili wake, na kikitoa maji basi pampu imekwisha, usibishane nayo. Tazama vile vifuniko vya bati vilivyozibwa ubavuni mwa bloku, maana gari zetu zinapigwa na upepo wa chumvi na vinaoza kwa nje na kwa ndani. Pekua na zulia la miguuni kwa abiria. Likiwa na unyevu na harufu tamutamu, ni hita.

Mshale unashuka na nje kote kukavu? Hapo ndipo uanze kuogopa gasketi ya hedi. Vuta kijiti cha oili, ikiwa imegeuka kama tui la nazi, maji yameingia ndani. Toa plagi, iliyosafishika kuliko wenzake au yenye maji ndiyo inayokuonesha silinda yenye tatizo. Gari ya namna hiyo usiiwashe tena kupeleka mzigo, hata kama hoteli inapiga simu. Mwite fundi, na mlipe vizuri.

Nakuja kwenye maji ya kisima, na hapa nitakuwa mkali. Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji yetu ya chini yana chokaa, na visima vilivyo karibu na pwani vina chumvi juu yake. Mnaijua chokaa hiyo, ndiyo inayoziba matundu ya mipira yenu ya matone na ndiyo inayobaki nyeupe kwenye birika. Ukitia lita mbili kila siku, unaipelekea injini chokaa mpya kila siku, na inaganda pale penye moto zaidi. Chumvi nayo inakula alumini. Kwa hiyo aliyeanza na mpira mmoja mbovu anamaliza na rejeta iliyoziba na wota pampu iliyooza. Tieni kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwenye chupa maduka ya spea. Mkikosa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni bora kuliko ya kisima. Na kulanti chafu msiimwage shambani. Ni tamu, mbuzi na mbwa wanailamba, na ni sumu inayoua figo.

Mie mwenyewe si malaika. Miaka ya nyuma nilikuwa na Hilux, rejeta ikavuja, mzee mmoja akaniambia nitie bizari ya manjano. Sisi watu wa viungo, tuna bizari ya kila kitu. Nikatia. Ikaziba kweli, siku nne. Ikaziba na mifereji ya hita na nusu ya rejeta pamoja nayo. Zile dawa za chupa za kuzibia nazo siziamini sana, zinaweza kukufikisha nyumbani, lakini hazikutengenezei kitu.

Jengine linaloniudhi ni kung'oa thamostati. Gari ikichemka tu, utaambiwa "itoe hiyo, nchi yetu ya joto". Thamostati nzima inafungua kwenye nyuzi 82 hivi, na ikishafungua haizuii kitu. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta, na tundu lililokuwa linavujisha bado linavujisha. Kisiwa chetu hakina milima ya kuitesa gari. Ukiondoa kile kilima cha Masingini, safari yote ni tambarare na upepo unapoza rejeta. Ndiyo maana ugonjwa unajificha mpaka Darajani, pale upepo unapokosekana na feni peke yake haitoshi kuokoa maji yaliyobaki kidogo.

Wapo wanaonambia bora kuuza gari kuukuu na kukodi. Kwa mwenye mzigo mara moja kwa wiki, nakubali, hesabu inakubali. Kwa anayepeleka mboga kila siku alfajiri, gari ya kukodi inafuata ratiba ya mwenyewe, na hoteli haingoji.

Ombi langu kwa vikundi ni hili: mlinunua bomba la kupulizia dawa la pamoja, nunueni na pampu ya kupimia presha ya pamoja. Watu kumi wakichangia, kila mmoja hatoi hata bei ya tairi kuukuu. Mafundi wengine watanuna. Wengine, na ninawajua, watafurahi kuletewa gari ambayo mwenyewe anajua inavuja wapi. Mkishatengeneza, toeni hewa: pua ya gari juu, mfuniko wazi tokea injini baridi, hita kwenye moto, injini inanguruma taratibu huku mnaongeza kulanti, mpaka mpira wa juu upate moto na mapovu yakome. Gari zenye injini chini ya kiti zina mabomba marefu, hewa inapenda kujificha humo, basi msiharakishe.

Kijana wa Kinyasini juzi nimemkuta Darajani, kapata mteja mpya wa pilipili boga. Nikataka kufungua mfuniko nione rangi ya kulanti. Akanizuia mkono. "Bwana shamba, injini ya moto hiyo. Subiri tunywe kahawa kwanza."